Studer na Revox: kampuni iliyoijua tepu kuliko wote, na kilichoivunja

Anayetafuta mashine ya tepu za rili (tepu ya sauti iliyoviringishwa kwenye gurudumu la wazi) leo hukutana na majina mawili, Studer na Revox, pamoja na maelezo yanayopingana. Huyu atamwambia ni kampuni mbili tofauti. Yule atasema kampuni ilikufa zamani. Mwingine atasema ilimezwa na Samsung, na mwingine tena atamwonyesha picha ya Revox mpya iliyotoka mwaka 2024. Karibu kila kauli ina kipande cha ukweli, ila vipande havijapangwa.

Kampuni hii ya Uswisi ilijengwa juu ya ujuzi mmoja: kuivuta tepu mbele ya hedi, kile kichwa cha sumaku kinachorekodi na kusoma sauti, kwa kasi isiyoyumba. Ujuzi huo ulipokuwa adimu, dunia nzima iliulipia. Sauti ilipogeuzwa kuwa tarakimu, kasi isiyoyumba ikawa kazi ya chipu ya bei ndogo, na kampuni ikabaki na viwanda vyenye ujuzi ambao soko halikuuhitaji tena. Mengine yote, kuuzwa, kugawanywa na kubadilishwa wamiliki, yalifuata hapo.

Willi Studer alizaliwa mwaka 1912 na alianzisha karakana yake mjini Zürich mwaka 1948. Hakuanza na tepu, alianza na osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme. Mwaka uliofuata akapewa kazi ya kurekebisha tepu rekoda zilizoagizwa kutoka Marekani ili zifanye kazi kwa umeme wa Ulaya. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika. Tatizo la volti linaisha kwa transfoma, lakini mota za mashine nyingi za wakati huo zilifuata mapigo ya umeme wenyewe. Marekani ni hezi 60, Ulaya ni 50. Mota ya hezi 60 ikichomekwa kwenye hezi 50 inazunguka kwa tano ya sita ya kasi yake, na wimbo wote unashuka zaidi ya toni moja na nusu. Lazima kipenyo cha kapstani, ule mhimili mwembamba unaoivuta tepu, kibadilishwe kwa uwiano huo huo. Studer aliona kasoro nyingine nyingi humo ndani, akaamua kubuni mashine yake mwenyewe. Akaiita Dynavox. Mwaka 1951 likaja jina Revox.

Hapo ndipo majina mawili yalipozaliwa, na maana yake ni nyepesi. Studer ilikuwa mashine ya studio na ya kituo cha redio. Revox ilikuwa mashine ya nyumbani, ya shule, ya mtu binafsi. Mwenye kampuni alikuwa mmoja, makao makuu yakaja kuwa Regensdorf, nje kidogo ya Zürich, na viwanda vingine vikafunguliwa ng'ambo ya mpaka, kusini mwa Ujerumani. Kwa sababu hiyo Revox nyingi zina kibandiko cha Ujerumani mgongoni, wala si bandia.

Nguvu ya mpango huu ilikuwa kwamba elimu iliyopatikana studio ilishuka nyumbani. Mwaka 1960 Studer ilitoa C37, mashine ya studio. Mwaka 1964 ikafuata J37, mashine ya valvu yenye treki nne, yaani njia nne za kurekodi sambamba, kwenye tepu ya inchi moja. Studio za EMI za Abbey Road, London, zilizitumia J37 kurekodi albamu maarufu ya Beatles ya mwaka 1967: treki nne zikijaa, zinachanganywa na kuhamishiwa kwenye mashine ya pili, kisha zinazoachwa wazi zinajazwa upya. Kila uhamisho unaongeza mlio wa tepu na kupunguza ung'avu wa sauti, kwa hiyo mbinu hiyo iliwezekana tu kwenye mashine yenye kelele ndogo sana.

Upande wa nyumbani, G36 ya mwaka 1963 ilikuwa na mota tatu: moja ya kapstani na moja kwa kila rili. Mashine za bei nafuu zilitumia mota moja na mikanda ya mpira, na mpira ukilegea kila kitu kinalegea. Lakini kapstani ya G36 bado ilifuata hezi za umeme wa ukutani. Mwaka 1967 ikatoka A77, nayo ndiyo iliyokata kamba hiyo.

Inafaa kutazama kwa karibu jinsi ilivyofanya. Rota, yaani sehemu inayozunguka, ya mota ya kapstani ya A77 iko nje ya mota kama kengele, na ukingo wake una meno madogo yaliyochongwa kuizunguka. Kando yake kuna hedi ndogo ya sumaku inayohesabu meno yanavyopita. Tepu ikienda sentimita 19 kwa sekunde, hedi hiyo hutoa mawimbi ya hezi 1600. Kwa sentimita 9.5, hezi 800. Saketi inalinganisha mawimbi hayo na kipimo chake yenyewe. Meno yakipita haraka kuliko inavyotakiwa, inapunguza umeme wa mota, yakichelewa, inauongeza. Marekebisho hayo hayakomi. Matokeo yake ni kwamba jenereta inayoyumba, au nchi yenye hezi tofauti, haigusi tena sauti. Kiwango kilichoahidiwa cha kuyumba kwa kasi ya sentimita 19 kilikuwa chini ya asilimia 0.08. Noti ndefu ya piano ndiyo inayofichua kuyumba mapema kuliko kitu kingine chochote, na kwenye A77 iliyo nzima noti hiyo inatulia.

Mwaka 1970 Studer ikatoa A80, ambayo ilienea katika studio na redio duniani kwa matoleo ya treki mbili hadi 24. Mwaka 1978 ikaja A800, iliyokabidhi uendeshaji wa tepu kwa mikroprosesa. Revox B77, ya mwishoni mwa miaka ya 1970, ilichukua mahali pa A77 ikiwa na fremu ya alumini ya kumimina, na mbele ya hedi kukawekwa kikatio cha tepu ili mhariri akate na kuunga pale pale. Chuo kikuu cha ETH cha Zürich kilimpa Willi Studer udaktari wa heshima mwaka 1978. Hicho ndicho kilele.

Kilichoangusha

Wengi husema Wajapani waliiua. Ni kweli nusu. Akai, Teac na Sony walichukua soko la nyumbani la bei ya chini, ambalo Revox haikuwahi kulitaka. Otari ndiyo iliyouma, kwa sababu iliingia studio na redio na mashine nzuri za treki nyingi kwa bei ambayo kiwanda kinacholipa mishahara kwa faranga za Uswisi kisingeweza kuifikia. Hata hivyo mteja aliyenunua Otari bado alinunua tepu. Mashindano hayo yalipunguza faida, hayakuondoa haja ya bidhaa.

Kaseti ya Philips, iliyozaliwa mwaka 1963, ilifanya kazi polepole. Kwa miaka mingi haikuwa mpinzani, sauti yake ilikuwa hafifu. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 ilikuwa imeboreka kiasi kwamba mtu wa kawaida hakuona sababu ya kubeba mashine ya kilo 17. Revox nayo ikatengeneza deki za kaseti, B710 na baadaye B215, ambazo mafundi wengi huzihesabu miongoni mwa deki bora kuwahi kutengenezwa. Zilikuwa ghali mno kwa soko la kaseti.

Kisha ikaja CD, iliyofika Ulaya mwaka 1983, na hapa ndipo pigo halisi lilipo. Kwenye mashine ya tepu, kasi ya mota ndiyo sauti yenyewe. Ikiyumba, muziki unayumba. Kwenye CD, mota inaweza kuyumba kidogo bila kusikika, kwa sababu data inaingia kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, kisha inatolewa kwa mpigo wa fuwele ya kwatzi. Usahihi uliotoka kwenye chuma kilichochongwa Regensdorf sasa ulitoka kwenye kipande cha kwatzi cha senti chache. Revox ilitengeneza CD pleya nzuri pia, ila chipu za ndani zilitoka Philips, na chipu zile zile zilikuwa kwenye pleya za watu wengine.

Studer haikulala. Ilishirikiana na Sony kwenye DASH, mfumo wa kurekodi tarakimu kwenye tepu ya rili yenye hedi zisizozunguka, ikatengeneza familia ya D820. Ukiitazama kwa macho ya mhandisi wa tepu, DASH ilikuwa na mantiki: tunaijua tepu, basi tuweke tarakimu juu yake. Lakini mashine hizo ziligharimu fedha nyingi mno, na tepu yenyewe ndiyo iliyokuwa inaondoka. Mwaka 1991 kampuni ya Marekani ya Alesis ilitangaza ADAT, na mwaka uliofuata ikaanza kuiuza: treki nane za tarakimu kwenye kaseti ya video ya S-VHS, kwa dola 3,995. Ukiunganisha tatu una treki 24 kwa takribani dola 12,000, wakati mashine ya treki 24 ya Studer ilihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Sauti ya ADAT haikuifikia A800 na mitambo yake ilichakaa haraka. Mwenye studio ndogo hakujali. Mwaka huo huo wa 1991 ikatoka Pro Tools, mfumo wa kurekodi na kuhariri sauti kwenye kompyuta, na uhariri ukaanza kuhamia kwenye diski ya kompyuta. Studer ilikuwa na mfumo wake wa diski, Dyaxis, lakini haukuwa moyo wa kampuni.

Gharama ilikuwa na tatizo lake la ndani. Studer ilijitengenezea hedi zake, mota zake, na sehemu kubwa ya mitambo yake. Wakati mauzo yako juu, huo ni utajiri: hakuna muuzaji wa nje wa kukuangusha, na ubora uko mikononi mwako. Mauzo yakishuka kwa nusu, mashine za kusaga hedi na mafundi wake hawapungui nusu. Kampuni inayonunua vipuri nje inapunguza oda. Inayovitengeneza yenyewe inabaki na kiwanda. Kwa maoni yetu hili lilichangia kuliko ushindani wa bei.

Mwaka 1990 Willi Studer, akiwa na miaka 77, aliliuza kundi lote kwa Motor-Columbus, kampuni hodhi ya Uswisi iliyojulikana zaidi kwa mambo ya nishati. Kundi likagawanywa, wafanyakazi wakapunguzwa. Mwaka 1994 Harman International ya Marekani ikainunua Studer bila Revox. Revox ikaenda kwa wawekezaji binafsi na ikaja kuwa na makao Villingen-Schwenningen, Ujerumani. Willi Studer alifariki mwaka 1996.

Kuanzia 1994, basi, ni kweli kwamba ni kampuni mbili. Studer chini ya Harman iliacha tepu na kujenga mikisa (meza za kuchanganyia sauti) za tarakimu za redio na televisheni, zikiwemo za familia ya Vista. Samsung ilipokamilisha kuinunua Harman mwaka 2017, Studer ilikuwa ndani ya kapu. Ndipo habari ya Samsung inapotoka. Mwaka 2021 Studer ikauzwa tena, kwa Evertz ya Kanada. Revox iliendelea na spika na mifumo ya muziki ya nyumbani, na mwaka 2024 ikarudi kwenye rili na B77 MK III.

Ukikutana na mashine ya zamani

Sababu ya A77 na B77 nyingi kuwa hai ni jinsi zilivyojengwa. Bodi nyingi huchomoka kwenye soketi, na kitabu cha ufundi kilitolewa na michoro kamili ya saketi, vipimo vya volti na hatua za kurekebisha. Fundi wa redio anayejua kusoma mchoro anaimudu. Lakini asianze kwa kuichomeka.

Kwanza aangalie kiteuzi cha volti mgongoni. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa kwa volti za Marekani, karibu 120, na kwa umeme wetu wa 230 au 240 transfoma itaungua. Kwenye A77 akague pia katika kitabu cha ufundi kama kuna mpangilio wa hezi 50 au 60, kwa sababu mota za rili, tofauti na kapstani, bado zinafuata umeme wa ukutani. Akishafungua kifuniko, atafute kapasita za karatasi zenye ganda la plastiki linaloonyesha ndani, karibu na swichi kuu. Nyingi ni za Rifa. Ganda hupasuka kwa miaka, unyevu huingia, na dakika chache baada ya kuwasha hutoa moshi mzito na harufu kali. Zikiwa na mistari ya nyufa zibadilishwe kabla ya umeme kupita, kwa kapasita mpya za daraja la X2 zenye thamani ile ile. Kapasita za elektrolitiki za Frako nazo huvuja au kukauka. Dalili yake ni mvumo wa chini au chaneli moja kupotea. Potensiomita ndogo za kurekebishia huchafuka na kukata kabisa, na moja iliyo kwenye saketi ya kapstani ikikata, tepu hukimbia kwa kasi ya juu. Fundi asiyejua hili hubadilisha mota nzima bure.

Rola ya mpira inayobana tepu kwenye kapstani ikiwa ngumu na inang'aa, tepu hupanda na kushuka mbele ya hedi. Hakuna dawa ya kuirudisha, inabadilishwa. Kwenye A77, relei (swichi zinazoendeshwa kwa sumaku) za uendeshaji hupata kutu kwenye migusano, na mashine hukataa kucheza siku moja na kukubali siku nyingine.

Hedi husafishwa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na pamba, kisha huondolewa sumaku. Mashine izimwe na tepu zote ziwe mbali. Kifaa cha kuondoa sumaku kiwashwe kikiwa umbali wa mita moja, kisogezwe polepole mpaka karibu na hedi bila kuigusa, kirudishwe polepole vile vile, kizimwe kikiwa mbali. Kukizima kikiwa karibu kunaacha sumaku nyingi kuliko ile iliyokuwepo.

Tepu yenyewe huleta shida kuliko mashine, na kwetu hili lina uzito wake. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi za dansi na taarabu kwenye rili kwa miongo kadhaa, na rekodi nyingi za zilipendwa chanzo chake ni tepu hizo. Joto na unyevu wa pwani ni adui wa gundi inayoshika unga wa sumaku kwenye plastiki. Baadhi ya tepu za miaka ya 1970 na 1980, Ampex 456 ikiwa mfano mashuhuri, hunyonya maji hadi gundi ikawa nata: tepu hulia kama mlango, hukwama, na kuacha ukoko wa kahawia kwenye hedi. Ukiona hivyo simama papo hapo, kwa maana unachokiona kwenye hedi ni muziki uliokwisha kung'oka.

Tiba ya muda ni kuikausha kwa nyuzi 54 za Selsiasi kwa saa 8 au zaidi, ndani ya kikaushio cha hewa inayozunguka chenye kipimajoto cha kuaminika, kisha kuiacha ipoe kwa muda kama huo. Jiko la kuokea mikate halifai, joto lake hupanda na kushuka sana. Baada ya hapo tepu huchezeka kwa wiki kadhaa, na kazi ya kuinakili ifanyike ndani ya muda huo. Tepu za zamani za asetati zisikaushwe kamwe, zitajikunja na kuharibika. Zinatambulika kwa kuinua rili kwenye mwanga na kuitazama ubavuni: asetati hupitisha mwanga. Kama aina haijulikani, mwite mtaalamu kabla ya kuipasha.

Kabla ya kunakili, hakikisha treki na kisawazishi vinalingana. A77 na B77 zilitoka kwa aina mbili, za nusu treki na za robo treki. Tepu ya robo treki iliyorekodiwa pande zote, ikichezwa kwenye mashine ya nusu treki, hutoa upande wa pili kinyumenyume chini ya wimbo. Kisawazishi, saketi inayoweka uwiano wa sauti za juu na za chini, nacho kina viwango viwili. Redio za Ulaya zilitumia IEC, ambayo kwa sentimita 19 ni mikrosekunde 70. Revox nyingi za nyumbani zimewekwa NAB, kiwango cha Marekani, mikrosekunde 50. Tepu ya IEC kwenye mashine ya NAB hupoteza karibu desibeli 3 za sauti za juu, na msikilizaji huilaumu tepu kwamba imechakaa. Kosa hilo hurekebishika baadaye kwenye kompyuta mradi liandikwe kwenye kumbukumbu za kazi.

Mwelekeo wa hedi ya kuchezea hurekebishwa upya kwa kila tepu, kwa skrubu ndogo iliyo pembeni yake, mpaka sauti za juu ziwe na nguvu zaidi tepu ikisikilizwa kwa mono. Nakala ya hifadhi iwe ya kilohezi 96 na biti 24. Ukimaliza usiirudishe tepu mwanzo: iache ilivyotoka kwenye mchezo, mwisho wake ukiwa nje. Sauti ya tabaka moja hupenya kwenye tabaka jirani inapokaa ghalani, na ikihifadhiwa hivi mwangwi mkubwa zaidi huja baada ya sauti, ambako muziki wenyewe huufunika.